Stadi za manifoldi ya eksozi: zirudishwe au zibadilishwe?

SWALI: Trekta langu, Massey Ferguson 135 la dizeli, linavujisha moshi kwenye manifoldi ya eksozi (bomba linalokusanya moshi kutoka kwenye injini). Fundi amezifungua stadi (vijiti vya chuma vyenye meno vinavyoishikilia) na anataka kuzirudisha zile zile. Je, nikubali?

JIBU: Ndugu msomaji, stadi iliyopigwa na moto kwa miaka mingi haiaminiki kwa sababu tu imesuguliwa kwa brashi ya waya, itazame pale inapoingia kwenye hedi (kichwa cha injini), na ukiona imekonda au nati haiteremki kwa mkono hadi mwisho wa meno, itupe. Sisi tungebadilisha zote, maana kutoboa stadi iliyokatikia ndani ya hedi ni kazi ghali na ya kuudhi. Weka gasketi mpya na nati za shaba ya manjano, ambazo hazigandi kwa kutu, ukizikaza kidogo kidogo kuanzia katikati kuelekea pembeni.