Wasomaji wanauliza: Tuwatunzeje wazee wetu waliopigana vita?

Barua za safari hii zimetoka Mabatini, Sengerema na Buhongwa, na zote tatu zinahusu watu waliolitumikia taifa wakiwa na bunduki mkononi. Nimefanya kazi ya ustawi wa jamii hapa Mwanza hadi nilipostaafu, na wazee wa aina hii nimewatembelea sana. Nawajibu wote pamoja.

*Shikamoo mama. Baba yangu alikuwa JWTZ na alipigana vita ya Kagera. Sasa ana zaidi ya miaka 70 na tunaishi Mabatini, juu kwenye mawe. Goti lake halikunji, kwa hiyo uhakiki wa wastaafu uliopita hakuweza kushuka na pensheni ikasimama. Nilipofuatilia, ofisini wakaniambia aje mwenyewe. Usiku halali. Anakaa kwenye kigoda karibu na mlango, na mwaka mpya watu wakipiga fataki anatuamuru wote tulale chini. Majirani wanasema ana mashetani. Nifanyeje?*
*Binti, Mabatini*

Marahaba mwanangu. Naanza na usiku, kwa sababu pensheni ina njia yake lakini usiku ndio unaowamaliza nyumbani.

Baba yako hana mashetani. Alikuwa kijana pale Novemba 1978 wakati daraja la Kyaka lilipobomolewa na majeshi ya Idi Amin wa Uganda, na kama alikwenda mpaka mwisho, basi huenda alipita Mutukula, Masaka na Lukaya kabla Kampala haijaanguka tarehe 11 Aprili 1979. Mwili ulirudi nyumbani, lakini masikio na moyo vikabaki vimezoea kungoja shambulio. Madaktari wanaita hali hiyo msongo baada ya kiwewe, na ni ugonjwa kama mwingine. Mara nyingi huzidi mtu akishastaafu, kwa sababu kazi iliyokuwa ikimshughulisha mchana kutwa imeondoka. Unatibika, kwa mazungumzo na mtaalamu na pengine dawa, hata baada ya miaka mingi. Mpeleke kituo cha afya kilicho karibu mpate rufaa ya hospitali ya Bugando, kwenye idara ya afya ya akili. Waombe wampime na masikio pia. Waliokaa karibu na mizinga wengi wamepoteza usikivu, na nyumbani watu hudhani mzee ana kiburi.

Akiwa usingizini usimguse kumwamsha. Simama mlangoni, mwite kwa jina alilolizoea, ngoja ajibu. Mwezi Desemba mwombe mwenyekiti wa mtaa awaambie vijana wasilipue fataki karibu na nyumba yenu, na siku yenyewe mweleze baba mapema kwamba usiku kutakuwa na kelele. Asitulizwe kwa gongo. Akianza kusema amechoka kuishi, usingoje tarehe ya kliniki, mpeleke siku hiyo hiyo.

Sasa pensheni. Andika barua kupitia kwa mtendaji wa mtaa wako, eleza kwamba mzee hatembei, omba ahakikiwe nyumbani. Ambatisha barua ya daktari, nakala ya kitambulisho cha taifa, barua yake ya kustaafu yenye namba ya jeshi, na taarifa ya benki inayoonyesha mwezi wa mwisho aliolipwa. Ipeleke Hazina Ndogo ya mkoa, wagonge muhuri wa kupokea kwenye nakala yako. Bila muhuri huna barua. Nakala nyingine mpe MUWAWATA, muungano wa wanajeshi wastaafu, maana sauti ya wenzake ina uzito kuliko yako peke yako.

Lakini hili la "aje mwenyewe" linaniuma, na nataka wenye mamlaka walisome. Naelewa kwamba uhakiki upo ili fedha ya umma isilipwe kwa marehemu. Ila Agosti 2022 makarani wa sensa walipanda mawe hayo hayo ya Mabatini, Igogo na Isamilo, wakafika kwenye kila kaya na vishikwambi vyao, wakauliza kila mtu ana umri gani na ana ulemavu gani. Kwa hiyo kufika inawezekana. Kinachotakiwa ni kanuni iliyoandikwa: mstaafu mgonjwa au asiyetembea afuatwe alipo, na malipo yake yasisimamishwe mpaka afisa amefika mlangoni kwake. Haifai haki ya mzee itegemee kama ana mtoto mwenye nguvu za kupanga foleni.

*Wabeja mayu. Mimi sikuwa askari wa kuajiriwa. Nilikuwa mgambo kijijini, tukachukuliwa, tukapanda meli hapa Mwanza kwenda Bukoba. Vita ilipoisha nikarudi kulima pamba. Wenzangu wa jeshini wana pensheni, mimi sina kitu. Je, nina haki yoyote?*
*Mzee, Sengerema*

Shikamoo mzee wangu. Nitakueleza kama ilivyo. Pensheni ya kila mwezi hufuata ajira na muda wa utumishi, na mgambo aliyerudi shambani baada ya vita hahesabiwi humo. Wabunge wameliuliza jambo hili bungeni zaidi ya mara moja.

Mimi naamini mnadai kitu cha haki. Jeshi lililokuwa na askari wasiofika 40,000 lilipanuka katika miezi michache likapita 100,000, na walioongezwa ni pamoja na ninyi mgambo, na polisi, na magereza, na vijana wa JKT. Mwalimu alipotangaza kwamba uwezo wa kumpiga Amin tunao, sehemu ya uwezo huo ilikuwa wakulima wa pamba wa Sengerema. Posho maalumu kwa mgambo waliopigana inawezekana kupangwa kwenye bajeti, na kila mwaka idadi yenu inapungua. Wanaotakiwa kuamua wasisubiri mpaka asibaki wa kulipwa.

Wakati hilo linadaiwa, chukua kilichopo. Sera ya Taifa ya Wazee ya mwaka 2003 inampa mzee wa miaka 60 na zaidi asiye na uwezo matibabu bila malipo. Nenda kwa mtendaji wa kijiji uombe kuandikishwa. Kama kaya yenu ni maskini sana, uliza habari za TASAF, mfuko wa serikali unaosaidia kaya maskini, kwenye mkutano wa kijiji. Na kama vita vilikuachia ulemavu, asilimia 2 ya mapato ya ndani ya halmashauri imetengwa kwa mikopo isiyo na riba ya vikundi vya watu wenye ulemavu.

Halafu kaa na mjukuu anayejua kuandika. Mtajie ulichukuliwa mwezi gani, kikosi gani, kamanda wako nani, uliokuwa nao ni akina nani na nani bado yuko hai. Wawili watatu kati yao waweke dole gumba kama mashahidi. Serikali ikiamua kesho kuwatambua mgambo, itaomba ushahidi, na kwa sasa ushahidi mwingi umo vichwani mwenu tu.

*Mama, mimi ni mwenyekiti wa mtaa Buhongwa. Tarehe 25 Julai, siku ya Mashujaa, huwa tunawaita wastaafu wetu, tunawapigia makofi, basi. Tungependa kufanya zaidi lakini mtaa hauna fedha.*

Ndugu mwenyekiti, mengi ya kwanza hayahitaji fedha. Fungua daftari. Pita na mabalozi nyumba kwa nyumba, andika kila mstaafu wa jeshi, kila mgambo aliyepigana, na kila mjane wao. Wajane msiwasahau, wao ndio hupotea kabisa mume akishazikwa. Pembeni ya kila jina weka: anatembea au hatembei, pensheni inaingia au imesimama, nani anamtekea maji. Kisha mpangie kila asiyetembea vijana wawili wa bodaboda au bajaji wa kijiweni kwenu, wampeleke kliniki na benki kwa zamu. Nimewaona vijana wa Igoma wakifanya hivyo kwa mafuta ya kuchangiana.

Nakala ya daftari mpe afisa ustawi wa kata, nyingine ibaki ofisini kwako, kwa kuwa uchaguzi wa mitaa huja kila miaka mitano na atakayekupokea kiti hatawajua.