Maziwa ya mbuzi ni mepesi, wanasema. Mepesi kwa nani?

Juzi nimepokea ujumbe wa msomaji, na karibu kila sentensi yake niliwahi kuambiwa mimi. Mtoto wake ana miezi mitatu. Maziwa yamepungua tangu arudi kazini. Mama mkwe amekuja na maziwa ya mbuzi, anasema ni mepesi, yanakaribiana na ya mama, na watoto wote wa ukoo ule wamekulia hayo. "Dada, nikikataa nitaonekana najidai," ameandika. "Wewe ulifanyaje?"

Mimi nilikataa, na ndiyo, nilionekana najidai. Kwangu aliyekuja juu alikuwa wifi, na maziwa yenyewe yalikuwa ya ng'ombe. Mbele ya wageni waliokuja kumwona mtoto alisema mwanamke mwenye maziwa ya kutosha hana haja ya kusoma vipeperushi vya kliniki. Watu wakacheka. Mume wangu naye akatabasamu, tabasamu lile la mtu asiyetaka ugomvi na dada yake. Mtoto huyo leo anakwenda shule, lakini kicheko kile bado kinanichoma.

Nilikuwa na jibu, ila siku ile sikulitoa. Nilikuwa nimelipata kwa muuguzi mmoja wa kliniki, mama mtu mzima, aliyeniuliza huku akimpima mwanangu: ndama huchukua muda gani uzito wake wa kuzaliwa kuongezeka maradufu? Sikujua. Kumbe ni kama mwezi mmoja na nusu. Mtoto wa binadamu huchukua miezi minne hadi mitano. Basi maziwa ya kila mnyama yanafuata kasi ya mtoto wa mnyama huyo. Kuna sili wa bahari za baridi kaskazini ambaye hunyonyesha kwa siku nne tu kisha anamwacha mwanawe, na zaidi ya nusu ya maziwa yake ni mafuta. Kifaru, ambaye mwanawe hunyonya kwa zaidi ya mwaka, maziwa yake karibu hayana mafuta kabisa. Hakuna maziwa mazito wala mepesi hivi hivi tu. Kuna mtoto aliyekusudiwa.

Sasa tuje kwa wanaofugwa. Katika mililita 100 za maziwa ya mama kuna protini gramu moja hivi. Ya ng'ombe yana gramu tatu na kitu, ya mbuzi vilevile au zaidi kidogo, ya kondoo hufika gramu tano na zaidi. Madini nayo, yakijumlishwa, ni zaidi ya mara tatu katika ya ng'ombe. Wengi wakisikia hivyo husema, si ndiyo vizuri, mtoto apate nguvu? Hapana. Protini na chumvi za ziada lazima zitoke, na njia yake ni figo. Figo za mtoto mchanga hazijakomaa. Zinatumia maji mengi kuusukuma mzigo huo nje. Siku mtoto akipata homa au kuharisha, maji yanamwishia mwilini haraka kuliko yule anayenyonya. Sukari ya maziwa, laktosi, imegeuka upande wa pili: ya mama yana gramu saba hivi, ya ng'ombe hayafiki tano. Na maziwa ya mama yana sukari nyingine za aina zaidi ya mia ambazo mtoto mwenyewe hazimeng'enyi. Ni chakula cha bakteria wazuri wa tumboni. Katika ya ng'ombe hizo ni kidogo sana.

Mnyama anayetukaribia kweli ni punda. Protini yake ni ndogo na laktosi ni nyingi. Katika karne ya 19 hospitali moja ya watoto waliotelekezwa jijini Paris ilifuga punda majike, na wachanga waliozaliwa na kaswende wakawa wananyonyeshwa na punda moja kwa moja, kwa sababu wangeweza kuwaambukiza wanawake wa kuwanyonyesha. Hata hivyo maziwa ya punda yana mafuta machache mno, na mtoto anayeyategemea peke yake hapati nguvu ya kutosha kukua.

Nirudi kwa mbuzi wa mama mkwe. Hoja ya wepesi ina chanzo chake: matone ya mafuta katika maziwa ya mbuzi ni madogo kuliko ya ng'ombe. Lakini folati, ile vitamini wajawazito hupewa ili damu itengenezwe vizuri, ni haba mno humo. Mwanzoni mwa karne ya 20 madaktari wa Ulaya waliona watoto waliolelewa kwa maziwa ya mbuzi peke yake wakipungukiwa damu, mpaka hali hiyo ikapewa jina la mnyama huyo. Na mtoto mwenye mzio wa maziwa ya ng'ombe, mara nyingi ya mbuzi nayo yatamsumbua, kwa sababu protini zao zinafanana. Yapo maziwa ya kopo ya wachanga yaliyotengenezwa kutokana na ya mbuzi, ambayo yameongezwa folati na chuma. Hayo ni habari nyingine kabisa.

Basi, mdogo wangu uliyeniandikia, fanya hivi. Nyonyesha kila mnapokuwa pamoja, usiku hasa. Ukiwa kazini kamua, hata kama yanatoka kidogo, maana titi lisilotolewa maziwa hupunguza kuyatengeneza. Nyonyesha tena ukirudi. Yakikosa kutosha, ongezea maziwa ya kopo ya watoto wachanga kwa kipimo kilichoandikwa, usizidishe maji ili kopo lidumu. Na nyonyesha. Ule mchanganyiko wa maziwa ya ng'ombe, maji na sukari ambao mama zetu waliufanya unapunguza protini kweli, lakini unabaki bila chuma na bila mafuta muhimu ya kutosha. Kuchemsha nako ni lazima kwa maziwa yoyote mabichi, kwa ajili ya kifua kikuu na bruselosi, ugonjwa unaotoka kwa mifugo, ila moto hauongezi kilichokosekana.

Chuma ndiyo sehemu ninayoweza kuihubiri mpaka usiku, na nina sababu. Mtoto aliyetimiza miezi tumboni huzaliwa na akiba ya chuma inayomtosha takriban miezi sita. Maziwa ya mama yana chuma kidogo, ila mwili wa mtoto unakifyonza vizuri. Ya ng'ombe yana kidogo vilevile na hakifyonzwi vizuri. Kisha kalsiamu na protini ya kaseini iliyomo vinazuia hata chuma cha chakula kingine. Kwa baadhi ya wachanga yanafanya utumbo uvuje damu kidogo kidogo, kiasi ambacho jicho halioni kwenye nepi.

Miaka miwili baada ya kile kicheko, wifi alinipigia simu. Mwanawe, aliyekuwa ametimiza mwaka na miezi kadhaa, alikuwa amepauka, mchovu, hataki kula kitu. Alikuwa mnene, mashavu yamejaa, kila mtu akimsifia. Chupa ya maziwa ya ng'ombe haikumtoka mkononi tangu asubuhi. Kipimo cha damu kikaonyesha upungufu mkubwa wa chuma. Alipewa dawa ya chuma, maziwa yakapunguzwa, hamu ya kula ikarudi, na baada ya miezi rangi yake nayo ikarudi. Sikumwambia "si nilisema?" Nilitamani sana, nisiwadanganye.

Ndiyo maana nasema, wenzangu, tusipime afya kwa mashavu. Tunataka watoto wenye akili, watakaofaulu kutupita, halafu tunacheza na madini ambayo ubongo unayahitaji katika miaka hiyo hiyo ya kwanza! Kwa miezi sita, maziwa ya mama pekee, au ya kopo ya wachanga pale inapobidi. Baada ya hapo wataalamu wanatofautiana. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa 2023 unasema mtoto wa miezi 6 hadi 11 asiyenyonya anaweza kupewa maziwa ya kopo au ya mnyama. Madaktari wa watoto wa Marekani wanataka mngoje mwaka utimie. Mimi niko upande wa kungoja kwa anayeweza. Asiyeweza, maziwa ya mnyama yaende na nyama, maini, mayai na maharage, yasichukue nafasi ya vyakula hivyo. Mwaka ukitimia, nusu lita kwa siku inatosha, yasiyoondolewa mafuta, kwenye kikombe.

Wifi ana mtoto mwingine sasa. Wiki iliyopita aliniuliza kuhusu maziwa ya ngamia, eti amesikia hayana shida. Nilimwambia aliyemwambia ana ukweli nusu: yana vitamini C kuliko ya ng'ombe, na imekosekana humo protini moja inayoamsha mzio kwa watoto wengi. Lakini protini yote kwa jumla bado ni mara tatu ya yake yeye. Akauliza basi aanze lini. Nikamwambia mtoto ana miezi minne, amnyonyeshe, tutaongea mwakani.