Idadi si kumbukumbu

Bukavu, Kadutu

Papa yangu, mwanangu,

Umeniuliza kama mwanao Neema apewe antibiotiki, kwa kuwa amepona surua miezi miwili sasa na kikohozi bado kinamrudia. Mimi nataka kwanza tuulizane kupona ni nini.

Utakumbuka, ulikuwa umeshakuwa mkubwa. Mwaka ule kabla ya vita ya kwanza ya Kongo, vipele vya surua vya mdogo wako Furaha vilipokauka, nilimtoboa kidole mwenyewe, nikapaka damu kwenye kioo, nikahesabu chembe nyeupe kwa darubini. Limfositi, aina mojawapo ya chembe hizo, zilizokuwa zimepungua sana siku za homa, zilikuwa zimejaa tena. Nilipanda Kadutu naimba. Nikamwambia baba yako: amepona, nimeona kwa macho yangu. Wiki sita baadaye, nimonia. Wewe ndiye uliyebeba viatu vyake.

Idadi si kumbukumbu, papa. Virusi vya mafua kwa kawaida haviendi mbali na njia ya hewa. Limfositi T, kundi moja la limfositi, hufika baada ya siku kadhaa, huua seli ambamo vimejificha, na baadhi yao hubaki zikimkumbuka mgeni yule. Surua nayo huingia kwa pumzi, lakini makrofaji, zile seli za mapafuni ambazo kazi yao ni kumeza uchafu, ndizo huisaidia kufika kwenye tezi za limfu, makao ya limfositi. Huko surua huziingia limfositi zenye kumbukumbu na kuziua. Zinazojaza nafasi zinaijua surua, magonjwa mengine hazijui. Mwaka 2019 watafiti walitoa matokeo ya damu ya watoto wa Uholanzi, iliyochukuliwa kabla na baada ya surua: walikuwa wamepoteza kati ya asilimia 11 na 73 ya kingamwili zao, zile protini za damu zinazotambua magonjwa yaliyopita.

Ningejuaje? Darubini haionyeshi kumbukumbu. Hapana, nisijitetee: nilimsikia akikohoa, nikaamini hesabu yangu. Idadi si kumbukumbu.

Kuhusu antibiotiki ulimi unaniwasha, lakini sisemi mpe wala usimpe. Anayemsikiliza kifua ni daktari wa huko Lubumbashi, si mimi. Ila usiondoke kwake bila kumwambia kwamba mtoto alipata surua. Na usiku, Neema akilala, mhesabie pumzi dakika nzima. Kwa mtoto wa miaka miwili, zikifika 40, mbebe umpeleke hospitali, usingoje kuche.

Niandikie usiku huuhuu umehesabu ngapi.

Mama yako