Kwa mnaokuja kuvua Lofoten: kisu kwanza

Umepata nafasi ya msimu kwenye boti za Lofoten, kaskazini mwa Norwei? Karibu. Kamusi zitakuambia torsk, samaki mtakayemvua huku, ni chewa, lakini usimtafute chewa wetu wa miambani. Huyu ana kijisharubu kimoja kidevuni, na kati ya Januari na Aprili hushuka kutoka Bahari ya Barents kuja kutaga huku. Wenyeji humwita skrei.

Mimi nilikuwa nimevua kwa jarife Tanga, nikadhani kazi ni kuvuta nyavu tu. Kumbe kazi inaanza samaki akishapanda chomboni. Mshike angali hai, kisu kiingie kooni kikate mishipa, kisha mtie kwenye tangi la maji ya bahari yanayopita, atoke damu kama nusu saa. Wiki yangu ya kwanza nyavu zilijaa, nikawa nawarundika nikijiambia nitawachinja baadaye. Jioni mnunuzi akapasua mmoja mbele yetu: nyama imekuwa nyekundu, michirizi ya damu hadi shingoni. Bei ikashuka. Na huku tunalipwa kwa mgao kama kwetu, chombo fungu lake, mabaharia lao, kwa hiyo wenzangu wote walilipia uvivu wangu. Hakuna aliyenigombeza. Afadhali wangenigombeza.

Wengi wa samaki hao hufungwa wawili wawili mikiani na kutundikwa kwenye vichanja vya mbao kuanzia Februari hadi Mei, bila hata chembe ya chumvi. Baridi na upepo vinatosha. Vichwa vikikauka husafirishwa Nigeria, vikapikiwe mchuzi.

Nguo za ndani ziwe za sufu. Pamba ikilowa, umekwisha. Nyavu zinapotupwa, usikanyage katikati ya kamba iliyojikunja. Ikikaza inaondoka na mguu wako. Kozi ya usalama baharini ni ya lazima, imalize kabla hujapanda boti.

Na kisu? Nenda bandarini jioni ukawatazame watoto wanaokata ndimi za samaki. Ni kazi yao ya jadi na pesa ni zao. Kichwa kinachomekwa kwenye chuma, kisu kinapita mara moja, ulimi huo ndooni, na mkono umeshashika kichwa kingine. Mimi niko msimu wa nne, bado siwafikii.