Kula hotelini Lamu: tazama saa kabla ya kutazama menyu

Nilipohamishiwa Lamu kufundisha, nilipata chumba mtaa wa Langoni, ghorofani, kisicho na jiko. Mwenye nyumba hakutaka moshi wala mtungi wa gesi chini ya boriti zake za zamani, na sikumlaumu. Basi kwa miaka mitatu nilikula hotelini mchana na usiku. (Kwetu Pwani hoteli ni pahali pa kula, anayetafuta kitanda aulize gesti.) Nimekula vizuri, nimekula vibaya, nimeugua mara moja vibaya sana, na suruali nilizokuja nazo kutoka Mombasa zote nimewagawia wadogo zangu.

Jambo nililochelewa kulijua ni kwamba kila hoteli ya mtaani ina saa yake. Hoteli iliyokupa wali mtamu saa saba mchana itakupa wali wa kukusikitisha saa mbili usiku, na mpishi ni yule yule, sufuria ni ile ile.

Sababu yake kubwa ni nazi. Wali wa nazi hupandishwa jikoni asubuhi ili uive kabla ya adhuhuri, na kwa joto la hapa tui halimngoji mtu. Wali ukilala sufuriani mpaka jioni huanza kuchacha, na mpishi mwenye haya atakwambia umekwisha hata kama umebaki. Asiye na haya ataupasha moto. Mchuzi wa kupaka nao ukipashwa mara ya pili hukatika: mafuta yanaelea juu, chini majimaji yenye chengachenga. Ukiona hivyo usigombane na mtu, agiza chapati. Mimi baada ya magharibi siagizi chochote chenye tui hotelini, isipokuwa nimeona kwa macho yangu kikishuka jikoni. Usiku nakula kinachopikwa mbele yangu: mishkaki, samaki wa kukaanga, viazi karai.

Menyu iliyoandikwa ukutani iache ukutani. Mwezi wa kwanza nilikuwa nikiisoma kwa sauti kama mtu anayeita majina darasani. Biriani ya kuku? Hakuna. Pilau? Hakuna. Maini? Hakuna. Nikawa nanuna, naona wananidharau kwa kuwa mgeni. Siku moja mzee mwenye hoteli akaja mwenyewe, akafuta meza kwa kitambaa, akasema, "Maalim, wewe wauliza visivyoko. Uliza vilivyoko." Tangu siku hiyo nikiingia nasalimu, nakaa, kisha nasema kwa lugha yao:

"Ami, yeo kuna nini?"

"Kuna wali na samaki, changu. Kuna na kuku."

"Nipe kuku."

"Kuku yuko, lakini kula changu, maalim."

Hiyo "lakini" isikilizeni sana. Ndiyo ushauri bora utakaopewa Lamu nzima, na hulipii. Kuku ni wa jana.

Samaki anataka maneno yake peke yake. Wageni wanadhani kisiwani samaki ni yule yule mwaka mzima. Wakati wa upepo wa kaskazi, tuseme Novemba mpaka Machi, bahari ya nje imetulia, mashua zinatoka, na hata hoteli ndogo kabisa ina nguru au kolekole wa asubuhi hiyo. Upepo wa kusi ukishika, hasa Juni na Julai, mashua ndogo haziwezi kuvuka mwamba. Hapo kinachopatikana ni samaki wa ndani ya mikondo, tafi na chaa, na bei inapanda. Hoteli inayokupa kipande kikubwa cha nguru kwa bei rahisi katikati ya Julai imemtoa kwenye friza, na yaweza kuwa friza hiyo imekatikiwa umeme mara kadhaa. Julai mimi hula tafi na miiba yake, ama maharagwe. Ukitaka kujua siku ikoje, pita sokoni kando ya Ngome, lile boma la kale la mji, asubuhi, uangalie kimelala nini mezani. Kama meza ni tupu, mchana usiulize samaki.

Kuugua kwangu kulitokana na jodari. Hoteli sitaitaja. Niliagiza saa tisa mchana, jodari wa kukaanga, na nilipomtia mdomoni niliuhisi ulimi ukichomachoma kama nimelamba pilipili manga. Nilikuwa na njaa, nikamaliza. Haukupita muda mrefu, uso ukawa mwekundu, mwili unawasha wote, kichwa kinagonga. Nilidhani nimerogwa, ama nina mzio wa samaki, nikaanza kuhuzunika kwamba nimehamia kisiwani nisiweze kula samaki tena. Daktari wa zahanati alicheka. Jodari na jamaa zake wakikaa juani bila barafu, akasema, nyama yao hutengeneza kitu kinachoitwa histamini, na histamini hiyo haiondoki kwa moto. Ukaange, uchemshe, iko pale pale. Akanipa vidonge, jioni nikawa mzima. Kwa hiyo samaki wa jamii ya jodari akikuchoma ulimi, mteme. Usione haya. Lipa uondoke.

Mchana wa Ijumaa una utaratibu wake. Biriani ya Ijumaa ndiyo biriani, ile ya Jumatatu ni wali wa rangi. Hoteli nyingi hufunga milango wakati wa swala, watu wakitoka msikitini wanaingia kwa wingi, na saa nane na nusu masufuria yanakwanguliwa. Wenyeji wanapitia hotelini asubuhi, wanamwambia mwenye hoteli "niwekee sahani mbili", kisha wanakwenda zao. Ilinichukua Ijumaa nne za kukosa kulifahamu hilo.

Jioni, teremka Mkunguni, uwanja ulio mbele ya Ngome. Wauza mishkaki wanawasha mkaa jua likizama. Wa kwanza kuwasha si lazima awe bora. Tazama ni wapi wazee wa barazani wanamtuma mtoto kununua. Ukibahatika ukapata mkate wa mofa wa mtama uliotoka motoni, ule papo hapo na nyama, ukwaju na pilipili. Ukipoa unakuwa mgumu kama ubao. Huo nao una saa yake.

Kuna mambo ya mifuko pia. Hoteli za ukingoni mwa bahari zina upepo, zina mandhari, na bei inafuata mandhari. Sina ugomvi nazo, ila niliwahi kumpeleka ndugu yangu katika mojawapo tukaagiza kamba mawe, kwenye menyu pameandikwa tu "bei ya soko". Bili ilipokuja nilikuta nimelipa chakula changu cha mchana cha wiki mbili. Kosa lilikuwa langu. Kamba mawe na kaa huuzwa kwa uzito, basi apimwe mzanini mbele yako na uambiwe bei ya kilo kabla hajaingia motoni. Na kijana akikusimamisha forodhani akakwambia mamake atakupikia karamu nyumbani, umpe pesa ya soko sasa hivi, mwambie utalipa ukishakula. Akiwa mkweli atakubali.

Mwezi wa Ramadhani mchana usihangaike kutafuta hoteli. Milango imefungwa, na si vizuri kutafuna njiani. Baada ya magharibi ndipo utakapojua ulikuwa wapi: muhogo wa nazi, tambi, kaimati, sambusa, mkate wa sinia, meza zimepangwa Usita wa Mui, njia kuu ya mji, mpaka punda hawana pa kupita. Hapo sharti langu la kutokula tui usiku linavunjwa, kwa kuwa kila kitu kimepikwa alasiri hiyo. Wakati wa Maulidi ya Mfungo Sita ni kinyume chake. Wageni wanajaa kutoka kila upande, hoteli zinaelemewa, na anayejua mji anakula mapema ama anasubiri kualikwa. Watu wa Langoni wanaalika. Usikatae.

Adabu za mezani ni chache. Meza ni ya wote, utakaa na usiyemjua. Ukikuta mtu anakula atakwambia "karibu", nawe ujibu "starehe". Si kweli kwamba anakutaka uchovye kwenye sahani yake, ingawa siku za mwanzo nilichovya. Paka watakuwa miguuni pako, hao ni raia wa Lamu kukuzidi wewe. Mfupa mmoja unatosha, ukitoa wa pili watawaita na ndugu zao.

Deni lipo, ila haliombwi, hutolewa. Hoteli yangu ya mchana ilikuwa na bango, "Kukopa harusi, kulipa matanga", na chini ya bango lile lile lilikaa daftari lenye majina ya nusu ya walimu wa mjini. Mshahara ulipochelewa, mzee alifungua ukurasa akaandika jina langu bila kuniuliza. Nililipa siku ile ile mshahara ulipoingia, kwa M-Pesa, nikiwa bado kwenye foleni ya benki.

Asubuhi nimeiacha mwisho kwa sababu haimo hotelini. Mahamri na mbaazi bora Langoni hupikwa na kina mama milangoni mwao, kwenye vichochoro, bila bango. Fuata harufu ya iliki. Mama niliyekuwa nikinunua kwake anaanza kukaanga baada ya swala ya alfajiri, na saa mbili karai lishageuzwa kukaushwa. Mtangulie kumwamkia "shikamoo", nenda na bakuli lako la mbaazi, na usimpelekee noti ya elfu moja saa kumi na mbili na nusu asubuhi. Hana chenji, na utamfanya aache karai akuzungukie majirani huku mahamri ya wenzako yanaungua.