Kwadi imefanyiwa ovahoo, geji inasoma psi 90: je, injini ifunguliwe tena?

Swali: Mhandisi, salamu. Ninayo pikipiki ya magurudumu manne, kwadi ya sentimita za ujazo 125 yenye silinda moja, ambayo watoto huiendesha shambani kwetu Ruai. Fundi ameifanyia ovahoo: silinda imechongwa, pistoni na ringi ni mpya, na vali zimesagwa. Inawaka vizuri na haitoi moshi. Hata hivyo, alipopima kompresheni (mgandamizo wa hewa ndani ya silinda) kwa geji aliyoiazima kwenye gereji ya magari alipata psi 90 (paundi kwa inchi ya mraba), ilhali kitabu kinasema 150. Sasa anataka kuifungua tena na kuweka ringi nyingine. Nimruhusu?

Jibu: Usimruhusu bado. Injini inayowaka vizuri na isiyotoa moshi inastahili kupimwa upya kabla ya kufunguliwa, kwa sababu namba inayoonekana kwenye geji haitokani na ringi na vali peke yake. Inatokana pia na hewa ya mahali unapopimia, na chombo chenyewe unachopimia. Kwa injini ndogo kama yako, hayo mawili ya mwisho yanaweza kula psi nyingi kuliko unavyodhani.

Nianze na hewa. Nairobi iko karibu mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, na kanieneo ya hewa hapa ni takriban asilimia 81 ya ile ya Mombasa. Silinda haiwezi kugandamiza hewa ambayo haikuipata, kwa hiyo ikiwa psi 150 za kitabu zilipimwa karibu na usawa wa bahari, kama ilivyo desturi, injini hiyo hiyo ikiwa mpya kabisa itasoma psi 122 hivi ukiipimia Ruai. Tayari psi 28 zimeondoka na hakuna kilichoharibika.

Sasa geji, na hapa ndipo ninapomshuku fundi wako zaidi. Geji nyingi za magari huwa na mpira mrefu unaofungwa kwenye tundu la plagi. Nyingine zina kivali kidogo kinachozuia hewa isirudi kwenye ncha ya mpira, karibu kabisa na silinda, na nyingine zina kivali hicho juu, pale mpira unapoungana na saa ya geji. Kikiwa juu, nafasi yote iliyomo ndani ya mpira inahesabiwa kuwa sehemu ya chumba cha kuchomea mafuta. Injini ya sentimita za ujazo 125 yenye uwiano wa mgandamizo wa 9 kwa 1 ina chumba cha sentimita za ujazo 15.6 tu pistoni inapofika juu. Mpira wa sentimita 30 wenye tundu la milimita 4 unaongeza karibu sentimita za ujazo 4, na uwiano unashuka kutoka 9 hadi takriban 7.4. Kwenye gari lenye silinda ya sentimita za ujazo 500 ongezeko hilo ni dogo, lakini kwako linapunguza karibu robo ya namba inayosomwa kwenye geji, ukijumlisha na joto la mgandamizo linalopotea. Nikikadiria, zile psi 122 zinakuwa 93 hivi. Linganisha na 90 aliyoipata fundi.

Kwa hiyo chungulia ncha ya mpira. Ukiona kisindano kidogo katikati, kivali kipo mahali pake. Ukiona tundu wazi, tafuta geji nyingine, ya pikipiki, kwenye maduka ya vipuri ya Barabara ya Kirinyaga, ambayo wengi wetu bado tunaiita Grogan. Kivali kikiwa kimechoka, usikibadilishe kwa kile cha gurudumu hata kama kinaingia vizuri, kwa kuwa springi yake ni ngumu zaidi na itapunguza namba. Kagua pia oringi, kile kipete cha mpira kinachoziba pale geji inapofungwa kwenye tundu la plagi. Mimi mwenyewe, nilipokuwa kijana, niliwahi kufungua injini ile ile mara mbili katika wiki moja, nikamlaumu muuza ringi, kumbe oringi ya geji ilikuwa imepasuka.

Jambo la tatu ni aksela. Hewa haiingii ya kutosha kama kabureta imefungwa, kwa hiyo aksela lazima iwe wazi kabisa wakati wote wa kupima. Kwadi za watoto huwa na skrubu ndogo kwenye kishikio, karibu na kidole gumba, inayozuia aksela isifunguke yote ili mtoto asikimbize chombo. Fundi anaweza kubonyeza hadi mwisho akaamini amefungua, na kumbe amefungua theluthi tu. Legeza skrubu hiyo kwanza, na ukimaliza kupima uirudishe ilipokuwa.

Baada ya hayo, pimeni upya. Injini iwashwe hadi ipate joto, petroli ifungwe, plagi itolewe na kuachwa imeunganishwa na waya wake huku ikigusa chuma cha injini, ili mfumo wa umeme usiungue. Betri iwe na chaji kamili. Bonyeza stata hadi mshale uache kupanda, kisha urudie mara tatu. Tazama namna mshale unavyopanda: ukianza chini na kupanda pole pole kila mpigo, shuku ringi, ukikwama chini tangu mpigo wa kwanza, shuku vali. (Kwa wasomaji wenye kwadi kubwa: nyingi zina kifaa kwenye kamshafti (mhimili unaofungua vali) kinachoinua vali ya kutolea moshi kidogo wakati wa kuwasha, na geji itasoma chini sana hata injini ikiwa nzima. Fuateni kitabu chenu.)

Ikiwa namba bado ni ndogo, kagueni kwanza yale yasiyohitaji kuinua silinda hedi. Vali zilizosagwa hukaa ndani zaidi kwenye viti vyake, na nafasi ya tapeti, yaani mwanya kati ya vali na kinachoisukuma, hupungua. Ikiisha kabisa, vali haifungi. Pimeni kwa filageji (vibamba vyembamba vya kupimia mwanya) injini ikiwa baridi, pistoni ikiwa juu katika mpigo wa kugandamiza. Alama ya flaiwili (gurudumu zito la krenki) na ile ya gia ya kamshafti zioane pia, kwa maana jino moja tu la cheni likirukwa linatosha kushusha kompresheni.

Mafundi wengi hupenda kumimina oili kwenye tundu la plagi ili kuona kama namba itapanda. Kwako wamimine mililita 2 tu kwa bomba la sindano. Kijiko cha chai ni mililita 5, yaani karibu theluthi ya chumba kizima, na namba itapanda kwa kuwa chumba kimejaa, hata kama ringi hazina kosa lolote.

Kipimo ninachokiamini kuliko hivi vyote ni cha kuingiza hewa ya kompresa kupitia tundu la plagi, pistoni ikiwa juu na vali zote zimefungwa, kisha kusikiliza. Mlio ukitoka kwenye kabureta, vali ya kuingizia inavuja. Kwenye ekzosi, ni vali ya kutolea moshi. Kwenye tundu la kujazia oili, ni ringi. Na povu la sabuni likichemka pembeni mwa silinda hedi, ni gasketi. Muanze na psi 30. Kwa psi 100, pistoni ya milimita 54 husukumwa kwa nguvu ya karibu kilo 160, na spana iliyoachwa kwenye nati ya krenki inaweza kumvunja mtu mkono.

Mlio mdogo kwenye tundu la oili usiwatie hofu sasa, kwani ringi mpya bado hazijakaa. Endesheni kwadi kwa saa nne au tano, mkibadilisha mwendo na mzigo mara kwa mara na bila kuiacha ikinguruma tu mahali pamoja kwa muda mrefu, maana hilo huing'arisha silinda kabla ringi hazijajichonga humo. Badilisheni oili, kisha mpime tena kwa geji ile ile. Namba ikipanda kufikia 110 au zaidi, mwacheni fundi apumzike. Isipopanda, na mlio wa kwenye oili ukiwa umeongezeka, hapo ndipo afungue, na kabla ya kununua ringi nyingine atazame kama herufi iliyopigwa kwenye kila ringi ilielekezwa juu, kisha apeleke silinda ikapimwe kwa chombo kwa yule aliyeichonga.