Kibanda cha kuvulia kwenye barafu: kuta za nje niweke nini cha bei nafuu?

SWALI: Habari fundi. Ziwa la huku likishaganda watu wanaburuta vibanda vyao hadi katikati, wanatoboa barafu wanavua wakiwa ndani, na mimi safari hii nataka nijenge changu mwenyewe. Futi 8 kwa 8, kimo futi 6, fremu nimeanza na mbao za inchi 2 kwa 2, sasa nimekwama kwenye kuta za nje. Jirani ananiambia nichukue zile bodi za vipande vya mbao vilivyobanwa kwa gundi maana ndo rahisi kuliko zote, mwingine anasema mabati, mwingine plastiki ya vinaili kama wanayofunika nyumba. Kitavutwa na pikipiki ya theluji. Hela ni ya kuhesabu, nisaidie.

JIBU: Karibu sana ndugu yangu. Hao wote wamekuangalizia bei tu, hamna aliyekuuliza hicho kibanda kitakuwa na kilo ngapi, na kwa kitu kinachoburutwa juu ya barafu kilo ndo bei yenyewe, kwa sababu kikiwa kizito utahitaji barafu nene zaidi na chombo chenye nguvu zaidi, na msimu ukikaribia kuisha itabidi ukitoe mapema kuliko wenzako.

Hebu tupige hesabu. Kuta zako 4 ni futi za mraba 192, na shiti moja ya futi 4 kwa 8 ni 32, kwa hiyo unahitaji shiti 6 kabla hujatoa mlango na dirisha. Zile bodi za vipande, unene wa milimita 11, shiti moja ina kama kilo 21, sita ni zaidi ya kilo 120. Plaiwudi ya milimita 6 ni kama kilo 10, sita hazizidi sana kilo 60. Bati jembamba la chuma linacheza hapohapo kwenye plaiwudi, alumini nyembamba ni kama nusu yake. Yaani ule unafuu wa jirani unakuongezea kilo 60 za bure, alafu bodi zenyewe zikinywa maji kingo zinavimba na hazirudi tena, na kibanda cha barafu chini ni majimaji kila siku.

Mimi ningekuambia chukua plaiwudi ya milimita 6, ile iliyotengenezwa kwa gundi isiyoogopa maji, ya matumizi ya nje. Siyo kwa sababu ya wepesi tu. Mbao zako za 2 kwa 2 ni nyembamba na kibanda kikivutwa kwenye barafu yenye matuta kinajipinda huku na huku, sasa plaiwudi ikigongewa gundi na skrubu kwenye fremu inaishika pembe zote zisiyumbe. Bati halifanyi hiyo kazi vizuri, ukiweka bati lazima utie mbao za mshazari ndani ya kila ukuta, na hizo nazo ni hela na uzito.

Kazi kubwa ya plaiwudi iko kwenye kingo, watu wengi wanapaka uso unang'aa wanasahau ukingo, maji yanaingia hapo, yanaganda, yanatanuka, tabaka zinaachana. Paka praima, ile rangi ya mkono wa kwanza, kwenye kingo zote 4 kabla hujafunga shiti, mpaka mbao ikatae kunywa, ndo urudie rangi ya nje, pia kila tundu utakalokata la dirisha au bomba lipate rangi kabla ya silikoni ya kuzibia. Sehemu ya chini kabisa zungushia ukanda wa bati au alumini, maana theluji mbichi inajirundika hapo inaganda ukutani na ukiibandua kwa shoka utaing'oa mbao. Ukifika ziwani kiweke juu ya vipande vya mbao, kisikae moja kwa moja kwenye barafu kikagandia.

Vinaili iache kabisa. Kwenye baridi kali inakuwa ngumu na rahisi kupasuka, inafungwa kwa kulegezwa ili iweze kutanuka na kusinyaa, na inataka ukuta mwingine nyuma yake, kwa hiyo umelipa mara mbili kwa ukuta mmoja.

Ila kuna kitu kimoja kingeweza kunibadilisha mawazo, ukipata alumini iliyobanduliwa kwenye nyumba inayobomolewa, hiyo chukua hata kama ina mikwaruzo. Weka mishazari kwenye fremu, tumia skrubu za chuma kisichoshika kutu zenye washa za mpira (zile pete za kuwekwa chini ya kichwa cha skrubu), na usiilaze juu ya mbao iliyotiwa dawa yenye shaba kwa sababu ile dawa inaila alumini. Kama ni rangi ya zamani sana usiipige msasa, inaweza kuwa na madini ya risasi, Marekani kwa mfano waliipiga marufuku kwenye nyumba mwaka 1978.

Ukuta wa chuma au alumini una tatizo lingine, mvuke wa pumzi na wa hita unaganda upande wa ndani kisha ukiwasha moto unadondoka kichwani. Jaza stairofomu, yale mapovu magumu meupe ya kuzuia baridi, katikati ya mbao, halafu uifunike kwa plaiwudi nyembamba, usiiache wazi karibu na moto hata kidogo maana inashika haraka na moshi wake ni sumu. Na tafadhali sana, ukishaziba kila upenyo usisahau hewa: tundu moja chini, moja juu, na kengele ya kaboni monoksidi, ile gesi ya sumu inayotoka kwenye moto, maana hita ya gesi kwenye chumba kilichozibwa inaua mtu bila harufu.

SWALI LA PILI: Na rangi, nipake nyeupe au nyeusi?

JIBU: Ya kukolea, inavuta joto la jua na kibanda kinaonekana kwenye theluji. Bandika na viakisi, vile vinavyong'aa vikimulikwa taa, pande zote 4, usiku watu wanapita na pikipiki kwa kasi.